Alama ya Shavu la Kushoto

Wewe umewahi kuona watu wawili wanapendana mbele ya macho yako, chumba kizima kinajua, kuta zinajua, hata paka anajua, ila wenyewe ndio wanajifanya wanazungumzia picha?

Mimi nimeona. Nilikuwa nimekaa hapo hapo, kwenye kiti changu chenye mto uliobonyea katikati, miguu juu ya kigoda. Kazi niliyopewa ilikuwa ndogo tu: kusema nani ni nani. Huyu ni kaka yangu, alikuwa na meno mazuri kuliko akili. Huyu ni jirani, sijui aliingiaje kwenye picha yetu. Huyu ni mume wangu, na hiyo suti aliazima, ndiyo maana mikono imemfika vidoleni.

Niseme kwanza ilivyoanza, maana nikianzia katikati mtaniona nazeeka vibaya.

Paa letu lilivuja msimu mmoja wa mvua, na maji yalitiririka kimyakimya mpaka nyuma ya kabati, kwenye albamu za familia. Tulipokuja kuzitoa, kurasa zilikuwa zimegandana kama mikate iliyookwa pamoja. Ukungu wa rangi ya kahawia ulikuwa umetapakaa kwenye nyuso za watu, vidoa vidoa. Mjukuu wangu alikaa sakafuni, akafungua ule ukurasa wenye picha za baba yake, akaufunga tena. Huyu mjukuu mimi namwita Mke Mwenza. Babu yake alikuwa akimwita "mke wangu" tangu yuko kwenye nepi, basi mimi ningemwitaje?

Baba yake alikuwa kitinda mimba wangu. Yeye na mkewe waliondoka siku moja kwa ajali ya barabarani, mtoto akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Akalelewa na Shangazi yake, binti yangu mkubwa, mwalimu mkuu, mwanamke ambaye akikutazama tu unakumbuka kuchomekea shati. Alimlea vizuri. Alimchagulia shule, akamchagulia masomo, akamtafutia na kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya macho. Na kila alichochaguliwa, Mke Mwenza alijibu neno moja: "Sawa, Shangazi."

Sasa hapo kliniki ndipo alipoingia mwanaume mmoja mrefu, macho mekundu, anataka miwani. Mke Mwenza anajaza kadi yake.

"Kazi?"

"Narudisha sura za watu."

"Kaka, nina foleni hapa. Kazi?"

"Dada, sitanii. Picha zilizoharibika. Nazisafisha, nazipanga kwenye kompyuta, zinakuwa kitabu cha familia. Ndiyo maana macho yamekuwa hivi."

Mke Mwenza aliacha kuandika. Aliniambia baadaye kwamba kalamu ilimkatalia mkononi. Akamuuliza, "Hata zilizogandana?"

"Hizo ndizo ninazozipenda," akasema.

Hivyo ndivyo Fundi Picha alivyofika nyumbani kwetu, kila Jumamosi mchana, na begi lake la kompyuta, skana iliyofungwa kwenye taulo, brashi laini kama nyusi za mtoto, na kitu nilichokishangaa sana: uzi wa kusafishia meno.

"Huo nao ni wa nini?" nikamuuliza. "Picha zetu zina meno?"

"Wa kubandulia, Bibi. Unaupitisha chini ya picha, unakwenda na kurudi polepole, picha inaachia bila kuchanika. Lakini unahitaji watu wawili. Mmoja huku, mmoja kule."

Mke Mwenza alikuwa ameshavaa glavu kabla hajamaliza kusema.

Basi hapo ndipo niliposhuhudia mambo. Albamu imelala katikati ya meza, yeye kashika ncha moja ya uzi, Fundi kashika ya pili, wameinama vichwa vimekaribiana, wanavutana kidogo kidogo kama watoto wanaocheza mchezo wasiotaka uishe.

"Unavuta sana," anasema Fundi.

"Mimi sivuti. Wewe ndiye unayevuta."

"Basi tulegeze wote."

"Legeza wewe kwanza."

"Nyinyi," nikasema, "kama mnabandua picha, bandueni. Kama mnabandika, mniambie nihame chumba."

Fundi alicheka mpaka miwani ikamteleza puani. Mke Mwenza aliangalia chini, na nikaona sikio lake linavyopata joto.

Kila picha iliyoachia niliisemea, naye Fundi akanirekodi sauti yangu. Hicho kitabu chake hakikuwa cha kuangalia tu. Unagusa sura ya mtu kwenye kioo cha kompyuta, unanisikia mimi nikimweleza. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mshona sare za shule, na sijawahi kutupa kipande cha kitambaa tangu nijue kushika mkasi, alinifungulia mfuko wangu wa viraka akavipiga picha vyote. Kipande cha gauni langu la harusi akakiweka kama mandhari ya ukurasa wa harusi. Kitambaa cha shati la kwanza la mwanangu kikawa ukurasa wa mwanangu. Nilimwambia, "Fundi, Mungu akuongezee miaka. Mimi nilidhani hivi ni vya kuzibia magodoro." Nilimaanisha. Kulikuwa na Jumamosi nilizokuwa nalala nikitabasamu, mtu mzima na akili zangu, kwa sababu tu nimemwona dada yangu tena.

Jambo jingine ni hili. Mke Mwenza ana alama kwenye shavu la kushoto. Kahawia, kama punje ya haragwe, chini kidogo ya jicho. Mimi ninayo. Mwanangu alikuwa nayo. Shangazi hakuipata, alitoka kwa baba yake mzima mzima. Shuleni watoto walimtania mjukuu wangu kwamba amesahau kunawa uso, basi tangu hapo anachana nywele zote upande wa kushoto, zinaning'inia kama pazia. Kwenye picha ya kikundi utamkuta amegeuka. Ukiingia chumbani, amechagua kiti chenye ukuta kushoto.

Jumamosi moja joto lilizidi. Feni inazungusha moto tu. Mke Mwenza akainua mikono, akabana nywele zote juu kwa kibanio, mbele ya Fundi, akaendelea na kazi kama hakufanya kitu.

Fundi alimwangalia. Hakuangalia alama, alimwangalia yeye, kisha akasema, "Sasa tutaona vizuri," na akapitisha uzi chini ya picha.

Nikajua. Nikasema moyoni, haya, huyu amefika.

Sasa Shangazi. Shangazi hakupendezwa hata kidogo.

"Mama," akaniambia akiwa amesimama jikoni na mkoba wake begani, "huyu mtu anafanya kazi gani hasa?"

"Si unamwona? Picha."

"Hiyo ni kazi au ni ugonjwa? Mtu mzima anaishi kwa kupangusa vumbi kwenye sura za marehemu?"

"Marehemu wako pia wamo."

"Mama, usinifanyie hivyo. Mimi nimemlea yule mtoto. Kuna mtu nimemwona kwa ajili yake. Mdogo wake mwalimu mwenzangu. Daktari wa meno."

"Hata huyu ana uzi wa meno."

"Mama!"

"Haya, nimenyamaza."

Wakati huo huo Fundi naye alinivizia uani nikianua nguo. Akashika ncha ya shuka tukalikunja pamoja, akasema bila kuniangalia, "Bibi, Jumapili ijayo nataka kuonyesha kitabu kizima, na Shangazi awepo. Nikimaliza, ningependa kusema neno."

"Neno gani?"

"Langu."

"Kitabu kimekwisha?"

"Bado kidogo. Lakini nitakimaliza." Kisha akaongeza, kama mtoto, "Siwezi kungoja zaidi ya hapo, Bibi. Kila nikirudi nyumbani naanza kuhesabu tena."

Nikampa shuka. Nikamwambia, "Haraka hiyo isikuponze." Akacheka. Mimi pia nikacheka. Hatukujua.

Jumapili ilifika. Nilivaa gauni langu la bluu. Shangazi alikaa kwenye kochi kubwa, mkoba mapajani, kama mtu aliye kituo cha basi. Mke Mwenza alikaa karibu yangu, nywele kazibana, na macho hayamwachi Fundi. Alikuwa anajua lile neno. Sijui alijuaje, lakini alikuwa anajua.

Fundi akaunganisha waya kwenye televisheni, na familia yangu ikafunguka.

Jamani. Nisemeje? Mume wangu kwenye suti ya kuazima, yuko safi, mikunjo ya shati naiona. Mama yangu mzazi, ambaye nilishaanza kumsahau pua. Wote wametoka kwenye ukungu kama watu waliotoka kuoga. Nikalia, nikasema asante, asante, kila ukurasa asante, mpaka Shangazi naye akatoa leso kwenye mkoba akajifanya ana mafua.

Kisha ukaja ukurasa wa mwanangu. Mandhari ya shati lake. Yeye ni kijana, anacheka, meno nje.

"Simamisha hapo," akasema Mke Mwenza.

Fundi akasimamisha.

"Rudi nyuma."

Akarudi. Ni mimi, msichana, kwenye picha ya harusi.

"Nenda mbele tena. Baba yangu yuko wapi?"

Fundi akatabasamu. "Si huyo?"

"Huyo simjui."

Nikavaa miwani yangu vizuri nikaangalia. Shavu la mwanangu lilikuwa tupu kabisa, safi kama sahani. Na langu pia. Na ukurasa wa mbele, mtoto mdogo mwenye kofia ya sufu, Mke Mwenza mwenyewe, naye shavu tupu. Alama zote tatu hazipo. Mtu kazifuta.

Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ni programu," akasema polepole. "Ya kufuta madoa ya ukungu. Kawaida nafuta kwa mkono, moja moja. Juzi niliiambia ifute kwenye picha zote kwa mpigo, ili niwahi... Yenyewe inatafuta vidoa vya kahawia tu. Haijui..."

"Ahaa," akasema Shangazi, na akafunga mkoba wake. "Umeona, mwanangu? Mtu wa nje akitazama, anaona doa. Wewe ulidhani anakuangalia wewe. Alikuwa anatafuta pa kufuta."

"Wewe nawe!" nikamkemea.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Mke Mwenza aliinuka akaenda jikoni. Fundi akamfuata hadi mlangoni, hakuthubutu kuvuka kizingiti. Nyumba yetu ni ndogo, nilisikia yote.

"Nisikilize. Ni mashine."

"Mashine haina macho. Wewe unayo. Kadi yako ya miwani niliijaza mimi."

"Nilikuwa na haraka. Nilitaka leo..."

"Uliziangalia hizo picha baada ya kufuta?"

"Niliziangalia."

"Na hukuona kuna kitu kimepungua."

Akavua miwani yake.

"Picha ya baba yangu nimeilalia chini ya mto tangu utotoni," akasema Mke Mwenza. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikupanda hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua ameumia. "Sikumbuki sauti yake. Sikumbuki alivyonukia. Kitu pekee ninachojua ni kwamba nikijiangalia kwenye kioo, hapa, ninaye. Na mimi nilibana nywele zangu mbele yako. Unajua sijawahi kubana nywele mbele ya mtu?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua, ungeona."

Fundi alirudi sebuleni, akakunja waya zake, akaifunga skana kwenye taulo. Alinipa mkono, wa baridi kama chuma. Lile neno aliondoka nalo.

Wiki ile nyumba ilipoa. Mke Mwenza alikwenda kazini, akarudi nyumbani, nywele zimeshuka kama zamani. Nikimwambia kula, anakula. Nikimwambia lala, analala. Shangazi alipiga simu akasema Daktari wa Meno atakuja kunywa chai Jumapili ya wiki ile nyingine. Nikamsikia Mke Mwenza anajibu: "Sawa, Shangazi."

Hiyo sawa ndiyo iliyonitisha. Nilijua chai hiyo itanywewa, kisha itafuata sawa nyingine, na nyingine, na mjukuu wangu ataolewa hivyo hivyo kwa sawa.

Asubuhi iliyofuata nikavaa viatu vyangu vya kutembelea nikaenda dukani kwa Fundi.

Duka lenyewe ni chumba kimoja, kimebanwa kati ya mchonga funguo na duka la madaftari. Ukutani kamba imetandwa, picha za watu zimebanwa kwa vibanio vya nguo, bibi harusi, wanajeshi, watoto wa siku ya kwanza shule. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama kwenye kompyuta, ndevu zimeota, shati la juzi.

"Shikamoo, Bibi," akasema, akaruka kuniletea kiti. Kikombe cha chai kikamwagika. Akafuta kwa mkono wa shati.

"Marahaba. Unakula?"

"Nakula."

"Muongo. Unafanya nini hapo?"

Akageuza kompyuta nione. Alikuwa ameanza upya kutoka picha za mwanzo, zile chafu. Anafuta ukungu kidoa kimoja kimoja kwa mkono, na kila akifika kwenye shavu la mmoja wetu anasimama, anaikuza picha mpaka inakuwa kama ramani, anaangalia kipi ni ukungu na kipi ni mtu.

"Ukungu una pembe," akaniambia. "Alama yenu haina pembe. Inaanza taratibu, inaisha taratibu. Nimejua sasa." Akasita. "Kwenye picha za rangi tu ndipo napata shida. Rangi zimeharibika. Sijui ilikuwa kahawia ipi."

"Si unaijua ya Mke Mwenza?"

"Ya kwake naijua, Bibi," akasema, na akaacha kuniangalia. "Ya kwake nikifumba macho naiona. Ndiyo maana sikuona imekosekana. Kila nikiangalia ile picha yake ya utotoni, naiona ipo pale. Nimejaribu kutafuta namna ya kumwambia hilo bila kuonekana najitetea. Sijapata."

Nimeishi miaka mingi na mwanaume aliyenipenda, na hakuwahi kunipa neno zuri kama hilo, Mungu amlaze pema.

"Haya," nikasema, "njoo uangalie ya kwangu. Kwenye mwanga."

Tukatoka hadi mlangoni. Akanishika kidevu taratibu, akanigeuza shavu kwenye jua, akaangalia, akaingia ndani kulinganisha rangi, akatoka tena. Mchonga funguo akaacha kazi.

"Fundi, umeamua huyo?"

"Akinikubali," akajibu.

"Nina foleni," nikasema. Tukacheka, na nikaona angalau kicheko bado kimo.

Kisha akanionyesha kitu cha mwisho. Ule ukurasa mgumu wa albamu aliokuwa amekwenda nao dukani, wenye picha moja iliyogandia kifudifudi ikagoma kabisa kubanduka, ambayo tuliiona mgongo tu. Alikuwa anahangaika nayo peke yake, uzi kazungusha kwenye vidole vya mikono yote miwili, inamshinda.

"Lete," nikasema. Nikavua pete, nikashika ncha ya upande wangu.

Tulikwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mikono yangu imeshona sare za shule nzima nzima, inajua kungoja. Mwishowe picha ikaachia kwa sauti ndogo, kama mtu anayefungua mdomo.

Ilikuwa ya mwanangu. Kambeba mtoto wake mchanga, kofia ya sufu imevuliwa, na ule uso mdogo kaugeuza kwa makusudi uelekee kamera. Yeye anacheka kwa kinywa kizima. Na kidole chake cha shahada kimenyooka, kinagusa shavu la mtoto, pale, kwenye alama. Kama anayesema: mmeona? Wangu huyu.

Sikumbuki nani alianza kulia. Nakumbuka mchonga funguo alituletea maji.

"Peleka wewe, Bibi," Fundi akasema. "Mimi ananichukia."

"Angekuchukia angekuwa anakula vizuri. Sipeleki. Miguu unayo. Jumapili hii, mchana, na Shangazi atakuwepo."

"Shangazi?"

"Unataka kuingia kwenye familia kupitia dirishani?"

Alikuja. Alikuwa amenyoa. Shangazi alipomwona mlangoni alivuta pumzi ndefu kupitia puani, kama anavyofanya mtoto akichelewa shule, lakini mimi nilishamkaribisha na kiti nimeshamsogezea.

Mke Mwenza alitoka chumbani, akakaa mbali, nywele chini, ukuta upande wa kushoto.

"Sikuja kujitetea," Fundi akasema. Alikuwa amesimama, mikono nyuma. "Nilifanya kazi kwa haraka kwenye kitu kisichotaka haraka. Niliwafuta watu wenu. Nimewarudisha. Naomba mniangalizie, nanyi mniambie kama bado kuna aliyepungua."

Akawasha televisheni. Nikatokea mimi na mume wangu mwenye suti ya kuazima, shavu langu na alama yake. Akatokea mwanangu, na alama yake. Akatokea mtoto wa kofia, na yake. Nilishukuru kila mmoja kwa jina la undugu wake, kwa sauti, sikujali. Kisha Fundi akasema, "Hii ni mpya. Bibi ndiye aliyeibandua," akaifungua.

Kidole cha mwanangu kilijaza chumba.

Mke Mwenza aliinuka akasogea mpaka kwenye kioo. Akainua mkono wake, akaugusa ule mkono wa baba yake, kisha akajigusa shavu. Alisimama hivyo muda mrefu. Alipogeuka alikuwa amezirudisha nywele nyuma ya sikio, na alikuwa anamwangalia Fundi, siyo picha.

"Ulijua alikuwa anaonyesha nini?" akamuuliza.

"Nilijua kabla haijabanduka yote. Nilianza kuuona mkono."

"Na ukasemaje?"

"Nikasema na mimi ningeonyesha hapo hapo."

Shangazi alikuwa analia sasa, kweli kweli, bila kusingizia mafua. Huyo alikuwa mdogo wake, alimbeba mgongoni kabla mimi sijamaliza kumnyonyesha. Akajipangusa uso, akainuka, akamwendea Fundi akampa mkono.

"Kijana," akasema, "umenirudishia mdogo wangu. Nakushukuru kutoka moyoni. Yale niliyoyasema hapa siku ile hayakuwa mazuri, nisamehe." Halafu akanyoosha mgongo, akarudi kuwa mwalimu mkuu. "Basi kazi imekwisha. Tumeridhika nayo. Tusikucheleweshe tena."

Mlango ulifungwa kwa adabu hivyo. Fundi alinitazama mimi. Mimi nikajiinamia kwenye kikombe, maana kuna maneno ambayo bibi akiyasema badala ya mwenyewe yanakuwa siyo yake. Akainama akaanza kuchomoa waya.

"Acha waya," akasema Mke Mwenza.

Shangazi akageuka. "Mwanangu, mgeni ana shughuli zake. Na tuna mazungumzo yetu ya wiki ijayo, wewe na mimi."

Nilingoja ile sawa. Naapa niliisikia inakuja, ilikuwa imefika kwenye midomo yake. Akaimeza.

Akamwendea Shangazi yake, akapiga magoti mbele ya kochi, akamshika mikono yote miwili.

"Shangazi, wewe ulinifundisha kufunga kamba za viatu. Ulikaa nje ya mlango wa darasa siku ya kwanza mpaka nikaacha kulia. Kila kitu nilicho nacho umenipa wewe, na kila siku ninashukuru, hata siku ambazo sisemi. Ndiyo maana sijawahi kukukatalia. Niliona kama nikisema ninachotaka, nitakuwa nimekuibia."

"Mtoto wangu, nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nilijiambia mwenyewe. Leo nakwambia. Sitaki Daktari wa Meno aje. Namtaka huyu. Nimemtaka tangu aliponiambia anarudisha sura za watu na mimi nikamwambia nina foleni. Nataka anioe, Shangazi. Na siku atakapokuja na wazee wake, nataka wewe ndiye umfungulie mlango."